Nisipoona Siendi

Binti yangu Jerop alikuja nyumbani Sugoi Jumamosi jioni akiwa na mkoba mmoja na uamuzi mmoja. Mkoba aliuweka chumbani. Uamuzi aliuleta mezani baada ya chakula, mbele ya mama yake: yeye na kaka yake Kevin, aliye Nairobi, walikuwa wamekubaliana kwamba sasa nimefika umri wa kuendeshwa.

"Mwezi wa nane uligonga nguzo ya geti, Baba."

"Nguzo hiyo niliichimbia mwenyewe mwaka wa themanini na tisa," nikamwambia. "Nimeipita salama mara elfu ngapi? Hizo mbona hamkuziandika?"

"Na kama ingekuwa mtoto?"

Naomi, mke wangu, akainuka kwenda kuangalia maziwa ambayo hayakuwa motoni.

Nina miaka sabini na minne. Miaka thelathini na mmoja niliendesha malori ya mahindi, Kitale hadi Mombasa, na sikulaza gari ubavu hata siku moja. Kabla ya hapo nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, nikilala juu ya magunia. Dereva wangu aliponiambia kwamba sitapata leseni bila kujua kusoma, nilijiandikisha masomo ya ngumbaru pale Soy. Tulisoma jioni, watu wazima wenye ndevu, tumejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwalimu alikuwa na kitabu cha hadithi za sungura. Nilimletea kitabu cha sheria za barabarani nikamwomba anifundishe kwa hicho. Maneno ya kwanza niliyosoma maishani hayakuwa "baba" wala "kuku". Yalikuwa "simama" na "toa nafasi".

Kwa hiyo usiku ule sikubembeleza mtu. Nilimwambia Jerop: Jumatatu asubuhi nitakupeleka kazini mjini kwa gari langu. Utakaa kando yangu. Ukiona kosa moja, ufunguo ni wako.

"Moja tu?"

"Moja."

Jumatatu niliamka mapema kumwandaa Pijo. Ni pikapu ya zamani, rangi ya maziwa, na kila mtu kuanzia Sugoi hadi sokoni anaijua. Kioo cha mbele huwa nakiosha mwenyewe, kwa maji baridi na gazeti kuukuu, nje na ndani. Sabuni sitii. Sabuni ikikauka huacha utando, na mtu akienda Eldoret asubuhi jua humjia usoni moja kwa moja. Utando ukipigwa na jua hugeuka ukuta mweupe. Nina jerikeni ya maji safi nyuma ya kiti na bunda la magazeti chini yake. Magazeti nayasoma kwanza, halafu ndipo yanapata kazi ya pili.

Tukaondoka. Jerop alikuwa na simu mkononi, tayari kuandika makosa yangu. Matuta niliyapanda polepole. Lori la miwa lilipotaka kunipita nililiachia nafasi. Ng'ombe wawili waliingia barabarani, nikawaona kabla yake, na hilo nililitaja. Tulipoanza kuona maghorofa ya mjini, simu alikuwa ameirudisha mkobani.

"Unaendesha vizuri," alisema, kama mtu anayetema mbegu.

Tukafika kwenye taa. Nyekundu. Nikasimama nyuma ya mstari, nikavuta hendibreki.

Waosha vioo walikuwa wawili. Mmoja kijana mrefu wa kofia, nikasikia akiitwa Collins, alikuwa ameliinamia gari dogo la mbele. Wa pili alikuwa mama wa miaka kama arobaini, gambuti miguuni, aproni ya plastiki, mkono mmoja chupa iliyotobolewa kifuniko na mwingine mpira wa kufuta. Alinijia akitabasamu. Nikatikisa kidole: hapana. Nikatikisa tena. Akaiminya chupa.

Povu likatandaa kwenye kioo changu kuanzia juu hadi chini.

Nikateremsha dirisha. "Mama, hukuniona nikikataa?"

"Nilikuona, Mzee wangu. Lakini kioo ilikuwa inaniita."

"Kioo hiki nimekiosha saa kumi na mbili."

"Ndiyo maana imechoka." Akaegemea mlango. "Mbao tu, shilingi ishirini, nakufuta, unaenda."

Hapo nikauelewa ujanja wao. Sabuni kwanza, bei baadaye. Mpira hauguswi mpaka mkono wako utoke mfukoni. Na mwenye haraka hutoa, kwa sababu taa haimngoji.

"Sitoi," nikasema. "Umeweka, utaondoa."

"Kuweka ni bure, Mzee. Kuondoa ndiyo kazi."

"Nekesa, achana na huyo," Collins aliita. "Ataondoa na waipa."

"Baba, washa tu waipa," Jerop akasema.

"Angalia hayo maji." Chini kwenye kioo, pale waipa zinapolala, povu lilikuwa limeacha mstari wa kahawia. "Ni ya mtaro. Yana mchanga. Waipa ikiuburuta mchanga huo itanichora kioo mbele ya macho yangu mwenyewe, na kesho mtasema mzee haoni."

Nyuma yetu honi ikalia. Halafu zikalia tatu.

"Mzee, imekuwa kijani," Nekesa akasema.

"Kijani iko wapi? Mimi naona povu."

"Toa kichwa nje uangalie."

"Kwa hiyo niendeshe hadi posta nikiwa nimetoa kichwa kama mbuzi wa kwenda mnadani?"

Akacheka, lakini hakuinua mpira. Mimi nikazima gari.

Jerop alikuwa ameshafungua mkoba. Alitoa noti ya hamsini, akainyoosha mbele ya kifua changu kumpa yule mama. Niliurudisha mkono wake mapajani mwake, taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa mdogo akigusa chai ya moto.

"Hakuna mtu analipia uchafu alioletewa," nikasema.

"Baba, ni hamsini. Watu wanachelewa kazini. Mimi nachelewa kazini."

"Wamwambie aliyeweka."

Kwa honi nilijua taa imerudi nyekundu, kisha kijani tena. Dereva wa matatu alitupita kwa upande akaniita jina ambalo sikulisoma ngumbaru. Jerop alijifunika uso kwa mkono mmoja. Alipouondoa, sauti yake ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo ilinitia baridi, maana anatulia hivyo anapokuwa amemaliza kuamua.

"Kufunga barabara ni kosa, Baba. Hata kwa hicho kitabu chako."

"Ni kosa."

"Basi tulikubaliana. Ufunguo."

Nilimtazama. Mtu anaweza kubishana na mtoto wake mpaka jua lizame, lakini neno langu la Jumamosi nilikuwa nimelitoa mbele ya mama yake. Niliuchomoa ufunguo ukiwa na ile pete ya ngozi ambayo Naomi alinishonea. Nikamwekea kiganjani.

"Haya. Endesha wewe."

Tukashuka. Tulizunguka gari katikati ya barabara, mimi kwa mbele, yeye kwa nyuma, honi zikitupigia kama harusi. Nilipopita karibu na Nekesa alisema kwa sauti ndogo, "Mzee, si ungetoa tu?" Nilipanda upande wa abiria, mahali ambapo sijawahi kukaa tangu ninunue gari hilo, nikavuta mkanda na kuufunga. Mikono sikujua niiweke wapi.

Jerop akawasha gari. Akaangalia mbele.

Jua lilikuwa limepanda kidogo juu ya paa za maduka, na lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye lile povu, ambalo sasa lilikuwa limeanza kukauka. Aliinama kushoto. Akainama kulia. Akanyanyua shingo, akarudi chini ya usukani. Akashika kijiti cha waipa, halafu akakiachilia.

Askari wa trafiki alikuwa amefika, mwanamke mnene mwenye sweta ya buluu. Akagonga boneti. "Madam, songa gari. Kuna shida gani?"

"Siwezi," Jerop akasema.

"Imeharibika?"

"Hapana, afande." Akakiangalia kioo tena. "Sioni."

Mimi nilikuwa nikisoma maandishi ya mlango wa duka la mbegu lililo upande wa pili. Niliyasoma yote, hadi nambari ya simu.

Askari akatazama kioo, akatazama chupa. "Ni wewe, Nekesa?"

"Afande, nilikuwa nasaidia."

"Ondoa."

Nekesa akainua mpira wake, na mimi nikashuka tena. "Si kwa hiyo, mama. Mchanga." Nilitoa jerikeni na magazeti. Nikamwaga maji polepole, toka juu, mpaka ule mstari wa kahawia ukatiririka wote chini na kuondoka. Kisha nikachana gazeti, nikampa upande mmoja, nikabaki na mwingine.

"Kunja hivi. Usizungushe. Toka juu, shuka."

Alishuka nalo mara moja, akalitazama. "Mzee, umenipea matangazo ya vifo."

"Hao hawana haraka. Endelea."

Askari akageuka kuangalia magari mengine, mabega yakimcheza. Nekesa alifuta upande wake, mimi wangu, tukakutana katikati. Alirudi nyuma hatua moja. Kioo kilikuwa kimepotea. Uliona dashibodi, usukani, na Jerop akiwa ameshika usukani huo kwa mikono miwili, akitutazama.

"Kumbe gazeti," Nekesa akasema. Halafu akakumbuka kazi yake. "Na mbao yangu?"

"Umeharibu, umetengeneza. Tuko sawa."

"Wewe mzee ni mgumu."

"Ndiyo maana bado niko."

Alikuwa akiangalia bunda mkononi mwangu. "Basi nipatie hiyo gazeti ingine." Nikampa nusu. Gazeti la jana nililibakiza, sikuwa nimelimaliza.

Nilirudi kwenye mlango wa abiria. Nilikuwa nimetoa neno na sikuwa na nia ya kulirudisha. Lakini Jerop alikuwa ameshashuka, amesimama kando ya usukani akiwa ameshika mlango wazi, na ufunguo ulikuwa mahali pake, gari likinguruma.

"Panda, Baba."

"Kufunga barabara ni kosa. Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Panda, nimechelewa."

Sikupanda mara moja. Askari alikuwa ameyasimamisha magari ya upande mwingine kwa ajili yetu, na bado nikamweka mtu wa serikali akingoja, kwa sababu kuna jambo ambalo nilikuwa nimelitafuta tangu Jumamosi, tangu aliponiuliza habari ya mtoto, na sasa lilikuwa limefika.

"Sikiliza. Wewe na Kevin mnaogopa kwamba siku moja nitakuwa sioni na nitaendelea kwenda. Leo sikuona. Nilikwenda?"

Akatazama chini.

"Jioni siendeshi, umewahi kujua? Tangu mwaka jana. Taa za watu zinanisumbua. Hakuna aliyenipokonya ufunguo, niliuweka kabatini mwenyewe. Na ikifika asubuhi nimeketi hapo, kioo ni safi, na mimi sioni, nitauleta kwako kwa miguu. Lakini mtu asinifunike macho halafu aniambie nimezeeka."

Alizunguka gari, akapanda upande wake, akafunga mkanda. Nikaweka gea. Askari akatupungia mkono na taa ilikuwa nyekundu, nikamwonyesha taa, akapunga tena kwa hasira, ndipo nikaenda, maana mkono wa askari unapita taa, na hilo pia liko kitabuni.

Pale kazini kwake alishuka, akasimama dirishani. "Nitamwambia Kevin nini?"

"Mwambie ulichoona."

"Nilichoona ni povu," akasema, na akaingia ndani kabla sijaona kama anacheka.

Alhamisi niliingia mjini peke yangu kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Taa ilinishika palepale. Collins akanijia na chupa yake, kidole tayari. Nikaweka mkono kwenye ufunguo. Kutoka upande wa pili wa barabara, juu ya kioo cha gari jipya jeusi ambacho alikuwa akikifuta kwa gazeti, toka juu hadi chini, Nekesa akampigia kelele:

"Collins, huyo mwache. Huyo huzima gari."