Mwiko Unaposimama

Miaka yote nimesonga halwa kwa mkono, na mkono huo ndio alioupiga video Swafwan, fundi wa mashine, ili mashine yake iuige. Bi Ibtihal, mwenye duka, alimleta baada ya hoteli za Ras Kitau kulalamika kwamba halwa yetu leo ni laini, kesho yanata. Nilimwambia halwa si sabuni. Akacheka, akasema yeye ataka iwe ileile kila siku, basi.

Mota ikafungwa juu ya karai, mwiko ukaanza kuzunguka wenyewe. Niliutazama kwa chuki, kama mtu aliyemwona mwizi amevaa kanzu yake. Lakini ulisonga vizuri, nisidanganye. Wanga ulipong'aa na samli ikamiminwa, mwiko ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

Hapo ndipo mimi husimama. Marehemu baba alinifundisha nikishatia samli nitulize mwiko, nimswalie Mtume, ndipo niendelee. Swafwan aliona nimesimama, midomo hakuisikia, akadhani ni sehemu ya mapishi, akakutia kusimama huko kwenye mashine.

Bi Ibtihal alionja, akaridhika. Ila kusimama kule kulimkera, kwa kuwa kulichelewesha kazi.

“Bwana Hadi, nambia kweli. Halwa yataka kupumzika pale, au ni wewe tu?”

Nikababaika. Nikisema ni halwa, basi mashine imeshachukua kila nilicho nacho, niende zangu nyumbani. Nikisema ni mimi tu, kusimama kule kutaondolewa, na halwa ya baba ipikwe bila kumswalia Mtume. Na ukweli wenyewe siujui. Sijawahi kusonga bila kusimama.

“Siyui,” nikasema.

Akafikiri. “Basi ibaki hivyo, nawe ubaki. Mwiko ukisimama, mswalie.”

Sasa nina kiti changu cha plastiki kando ya karai. Mwiko ukisimama namswalia Mtume haraka haraka, maana haunisubiri. Sielewi kama hiyo ni ibada au ni kazi, na naona haya kumuuliza shekhe.

Jana mwiko ulisimama. Nikamswalia Mtume, nikangoja uendelee. Haukuendelea. Nikamswalia tena, nikangoja, mkaa ukiwaka chini, mpaka pua ikanusa halwa inaungua. Kumbe umeme ulikuwa umekatika.

Bi Ibtihal alikuja mbio. Aliniuliza mbona sikuushika mwiko nikasonga mwenyewe. Nikaitazama mikono yangu, imelala magotini. Hilo nalo silijui.