Kitanda cha Mama, Woodbury

Godoro nililomnunulia Mama linanifika karibu na goti, na majira yote ya baridi hakuna aliyelilalia isipokuwa mwanangu Lenny, siku aliponuniana na kaka yake.

Chumba chenyewe, nyumbani kwangu Woodbury, nilikiandaa tangu Mama alipopata viza ya kuja Marekani. Nilitafuta mapazia ya rangi anayoipenda, blanketi la umeme kwa ajili ya magoti yake, na majani ya chai ya kwetu Othaya, si yale ya vifuko. Akatua Januari, baridi ikikata masikio. Akamkumbatia dada yangu Fiona, akanikumbatia mimi, kisha akauliza, "Jedidah wangu yuko wapi?" Jedidah ni kitinda mimba wa Fiona, bado yuko chekechea. Begi la Mama likaingia gari la Fiona na kwenda Columbia Heights, kwenye fleti ndogo ambamo basi likipita nje vikombe vinagongana kabatini.

Kwetu Wagikuyu jina la mtoto halichaguliwi. Binti wa kwanza hupewa la mama wa baba, wa pili hupewa la mama wa mama. Fiona alijaliwa mabinti wawili, kwa hiyo wa pili akawa Jedidah, Mama mwenyewe kazaliwa upya. Mimi nikampata Alvin, nikampata Lenny, kisha daktari akaniambia nisijaribu tena. Jina la Mama halikushuka nyumbani kwangu, wala halitashuka. Mimi nami, kwa kuwa ni binti wa pili, nilipewa jina la mama yake Mama, Nyaguthii, mbali na Velma la ubatizo, ndiyo maana tangu utotoni Mama huniita Maitu, yaani mama yangu. Sikuwahi kulitilia maanani. Niliitika tu, kama mtu anavyoitikia jina la utani.

Kila Jumapili baada ya kanisa nilipeleka sufuria ya chakula Columbia Heights, na kila Jumapili nilirudi na sufuria tupu, bila Mama. Mama alikuwa amemfumia Jedidah kiondo kidogo kwa mikono yake. Wanangu aliwaletea fulana za dukani, nami akaniletea kitenge sawasawa na cha Fiona. Alimpakata yule mtoto, akamchana nywele taratibu, akamwita "mwenzangu". Nilimwonea wivu, nasema wazi. Mimi muuguzi, ninayesimamia wodi nzima, nilikaa kwenye sofa ya dada yangu nikitamani kumfinya mtoto wa chekechea.

Mume wangu Nahashon aliniambia niache utoto, mama ni mama popote alalapo. Kwake ni rahisi kusema. Alvin amebeba jina la babu yake, baba wa Nahashon, na mzee huyo alipotutembelea hakubanduka sebuleni kwetu.

Nikaanza kumsumbua Mama kwa simu aje kwangu, naye hakukosa sababu. Leo Jedidah ana kikohozi, kesho Jedidah anaimba shuleni, siku nyingine theluji ni nyingi. Siku moja Fiona akaniwekea mkono begani.

"Mpe time, Velma. Ako comfortable hapa, na haka katoto kamemzoea. Usijam, usikasirike bure."

Ule mkono ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu ulikuwa wa huruma. Mimi sikutaka makuu. Nilitaka wiki moja tu ya kuwa mtoto wa Mama: anigombeze ninavyomenya viazi, aniulize kama nimekula kabla sijaenda kazini, anishike kichwa nikirudi nimechoka.

Wiki ya mwisho kabla ya safari yake ya kurudi Othaya, akanipigia mwenyewe. Akasema nikamchukue. Sijui hata niliendeshaje gari. Jedidah alilia mlangoni huku ameng'ang'ania kiondo chake, nami nikamfunga Mama mkanda wa kiti bila kuficha furaha yangu. Njia nzima nilimsimulia habari za mapazia.

Tulipofika hakuyatazama. Aliketi ukingoni mwa kitanda na koti lake mwilini. Wavulana walikuwa shule, nyumba ilikuwa kimya. Nikamletea chai, akaishika tu bila kuinywa.

"Kwa Fiona sikuweza kulia," akasema. "Yule mtoto ananitazama usoni mchana kutwa. Ana jina langu. Akiniona naogopa, nitakuwa nimemwachia woga wangu."

Nikamuuliza anaogopa nini. Baba tulimzika mwaka jana, na tangu matanga Mama alikuwa amezungukwa na watu: kwanza shangazi zetu, kisha sisi huku Marekani. Hakuwahi kulala peke yake katika nyumba yao ya Othaya.

"Naogopa kuufungua ule mlango, Maitu. Niambie nifanye nini."

Kazini nina maneno ya kuwaambia waliofiwa. Siku hiyo sikuyataka. Nilitaka kumwambia kwamba baba aliyekufa ni wangu pia, na kwamba mimi nami nilikuwa nangoja mtu wa kunishika. Lakini alikwisha kuweka kikombe chini na kulaza kichwa mapajani mwangu. Kitambaa cha kichwani kikamvuka, nikaona nywele zake zilivyopungua. Alilia akisema Maitu, Maitu, na si mimi niliyekuwa nikiitwa. Alikuwa akimwita Nyaguthii mama yake, aliyezikwa kabla sijazaliwa, ambaye namjua kwa picha moja tu.

Majira yote ya baridi nilikuwa nimemwonea wivu mtoto mdogo. Sasa nikamwonea wivu marehemu. Huku naona wivu, mkono wangu ulikuwa ukizipapasa zile nywele.

Alipotulia nikamvua viatu, nikamlaza, nikamfunika. Nilipoinuka niende nikapashe chai, akanishika kidole, macho ameyafumba.

"Usiende, Maitu."

"Niko hapa, mwanangu," nikamwambia, nikaketi.