Sitini na Moja, Sitini na Nne

…ni netiweki tu, Mama Wanza, ngoja kidogo itashika, ndivyo alivyosema Maingi na uongo ukamtoka laini, na sasa anasukuma kioo cha kishikwambi kwa kidole, ukurasa wa sitini na moja, sitini na nne, anarudi, sitini na moja, sitini na nne, hata akisukuma mpaka kioo kitoboke zile mbili za katikati hazitatokea, nani ajue kama si yeye, karani wa chumba hiki cha kusomea hapa Ziwani, aliyepiga picha vitabu mia nne kwa wiki mbili, kamati ikimhimiza, harakisha Maingi, watu wamehamia simuni, karatasi ni chakula cha panya, naye akaharakisha, lamba kidole, funua, bofya, funua, sikio lote likiwa kwenye mpira redioni, na kitabu cha mzee Nzivo kilikuwa kimeingiwa na unyevu, kurasa zimegandana, alihisi kabisa kwamba amefunua karatasi mbili kwa mpigo, alihisi, hapo ndipo pabaya, akajiambia ah, nani atasoma hiki, dereva wa lori aliyejichapishia maisha yake nakala thelathini…

"Imeshika?" anauliza Mama Wanza kutoka kwenye benchi.

"Bado kidogo."

…na nani amekuja kukisoma ila huyu huyu, Nzilani binti Nzivo, aliyeachwa na babake akiwa na miaka sita, miaka arobaini hakutaka hata kusikia jina lake, mpaka juzi mwanawe Wanza akamwonyesha kwamba babu yuko mtandaoni, kitabu kizima na picha yake jaladani, basi kila jioni akifunga kibanda cha mboga anakuja, anasoma polepole kwa kidole, na leo amefika mwisho wa ukurasa, Maingi ameuona kwa macho yake, *sababu ya mimi kumwacha mamake Nzilani ni hii*, halafu unaofuata unaanza, *ndipo nikahamia Huruma*, na nakala yenyewe, ya mwisho iliyojulikana, Mungu wangu, ilitoka na vitabu vingine kwa magunia, wauza njugu wakagawana, sababu ya mzee ikasokotwa vifuko, watu wakatafuna wakatupa, na Maingi akajisifu mtaa mzima, sasa hata aliye Mukuru anasoma bure, na ni kweli wanasoma, wanasoma kuliko zamani, yeye tu ndiye hajasoma hata kimoja, mia nne vimepita mikononi mwake kama matofali, angalau angezisoma hizo mbili…

"Si ni wewe ulipiga hizi picha?"

"Ni mimi."

"Na hukuona alikuwa anasema nini hapo?"

"Nilikuwa napiga tu, mama."

…anaweza kubuni, mzee aliugua, mzee alishurutishwa na ndugu zake, nani atampinga, hapana, huko ni kumvisha marehemu mdomo wa mtu mwingine, basi abaki na netiweki, leo netiweki, kesho stima, keshokutwa aseme anaumwa, atachoka mwenyewe, lakini aliyengoja miaka arobaini anachoka lini…

"Wachana nayo," anasema Mama Wanza, sauti yake iko chini, amevua miwani anaipangusa kwa pindo la leso. "Hiyo si netiweki, namba za kurasa zimeruka. Atakuwa alizing'oa mwenyewe. Hakutaka nijue. Huyo ndiye baba yangu."

…na kidole cha Maingi kimeganda kiooni, kwa sababu hilo hakuliwaza, kwamba lawama itapanda mpaka kaburini, kwa mzee wa watu aliyeketi akaandika kwa mkono wake jambo lililomshinda kusema kwa mdomo, akalichapisha, akalileta mwenyewe hapa kwenye rafu ili siku moja mtoto wake alikute, aliandika, Mama Wanza, babako alikuandikia, mimi ndiye niliyekunyima, maneno yamemfika kooni na hayana pa kurudi, na Mama Wanza bado anapangusa miwani, hajamtazama.