Msimamizi Anavyopita Getini

Hajazaliwa mtu wa kuumia chini ya mkono wangu. Mimi ndiye mtoa ishara hapa bohari. Dereva wa kreni, kule juu kibandani, hasikii kitu kwa mngurumo, anafuata kidole changu tu. Nikikizungusha juu, anainua. Nikikunja ngumi, anasimama. Tani zote zile zinasubiri kidole kimoja, na kidole chenyewe kina akili kuliko wenye digrii.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunashusha jenereta. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa juu ya lori akiuweka sawa mkanda wa kuinulia, vidole vyake kati ya mkanda na chuma.

"Shem, hivi msimamizi anapitaje getini?"

Alijua huwa sikatai. Nikatoa kitambi, nikapiga mluzi, nikainua kidole na kuzungusha funguo zisizokuwepo. Shemeji akacheka mpaka akainama.

Mkanda ukakaza.

Kicheko kikageuka mlio ambao sijausikia hata machinjioni. Jenereta ilipanda na mkono wake, ikamning'iniza kama nguo kwenye kamba, kisha kitu kikakatika naye akaanguka kifudifudi. Vidole viwili vilibaki mkandani. Damu ilinirukia mdomoni.

"Dereva kasinzia," nikawaambia wapakuzi. "Nimekunja ngumi, hakuona."

Hawakuuliza mara mbili. Walimvuta dereva kutoka kibandani kwa kola, kisogo kikigonga kila kidato cha ngazi. Huyu buti la mbavu, yule ngumi ya mdomo, jino likaruka mchangani.

"Kidole," dereva alisema huku akitema damu. "Kidole kilizunguka."

Na mimi nikampiga teke, nisionekane sina uchungu na shemeji yangu. Jamaa mmoja akaokota mnyororo, akaunyanyua juu ya kichwa cha dereva.

"Mwacheni."

Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa lori, mkono umeviringishwa shati, shati linachuruzika. Mnyororo ukabaki hewani.

"Shem," akasema, pumzi zikimkatika, "wenzako hawakuona. Waoneshe msimamizi anavyopita getini. Na funguo zake."

"Umeumia wewe, usiongee. Jamaa alisinzia."

"Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nacheka."

Mwenye mnyororo akamruka dereva, akaja kusimama mbele yangu.

"Hebu tuoneshe," akasema. "Huo mkono wa kulia. Utoe mfukoni."