Vipande Viwili vya Bahari

"Mama Vumbi, acha hilo, njoo uone!"

Mama Vumbi alizima msumeno wa mawe, akajifuta mikono kwenye aproni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimkatia Mwalimu mawe na kuyasaga yawe unga laini wa kupimwa, na hakuwahi kumsikia akiita hivyo. Tangu amzike mkewe, mzee wa watu alikuwa akiongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Mawe yale zamani za kale yalikuwa tope la chini ya bahari, lililoganda tabaka juu ya tabaka wakati dunia ilipopata joto na karibu kila kiumbe cha majini kikafa. Unga wake ulieleza maji yalivyobadilika.

"Sote tunasema joto lilitangulia, ndipo oksijeni ikaisha baharini," Mwalimu alisema, akionyesha mchoro wa mstari kwenye kompyuta. "Sasa tazama hapa. Oksijeni imeisha kwanza! Kesho naituma ripoti. Hata nikifa keshokutwa, sina kinyongo."

Mama Vumbi alisoma namba za vipande vya mawe vilivyoonyesha hivyo. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Akazitambua.

"Mwalimu, usiitume."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana, siku ile nilipopigiwa simu kwamba mjukuu wangu amefariki, trei iliniponyoka. Vipande hivyo viwili vikafutika namba. Nikavipanga kwa kubahatisha, nisijue kipi kilitangulia."

Mwalimu aligeuka kutoka kwenye kompyuta.

"Na ukanyamaza."

"Niliogopea kazi yangu. Halafu nikaona aibu. Halafu siku zikapita."

"Tutavipima upya."

"Nilivisaga vyote, Mwalimu. Hakuna kilichobaki."

Mwalimu naye alijua kwamba machimbo yalikotoka mawe yale yalikwisha kufukiwa. Alikwenda dirishani, akampa mgongo. Mama Vumbi akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

Mwalimu alirudi kwenye kompyuta, akafuta vipimo vya vipande vile viwili. Mstari wa mchoro ukakatika katikati.

"Siku ile sikukuuliza," alisema bila kugeuka. "Mjukuu alikuwa na umri gani?"

"Miezi saba. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukaa."

Mwalimu aliinamia kiti cha pili, kilichojaa vitabu miaka yote. Akaanza kuvihamishia sakafuni, kimoja kimoja, mpaka kiti kikawa wazi, akamsogezea Mama Vumbi.