Wimbo wa Baba, Mapigo Sabini kwa Dakika

Jamani, Nyuzi aliingia wodini siku hiyo kama aliyeshinda bahati nasibu! Mgongoni gitaa, mkononi simu, na ndani ya simu wimbo wa baba yake, wimbo pekee mzee aliowahi kurekodi ujanani. Binti kaupiga upya kwa gitaa tupu. Maneno angeyaimba nani? Madaktari walishamtoa mzee zoloto lenye saratani, na sauti ikaenda nalo. Wiki mbili, walisema, labda tatu. Nyuzi alikuwa anakimbizana na wiki hizo ili mzee ausikie.

"Shikamoo, baba! Leo utanivulia kofia."

Baba mdogo, fundi mitambo aliyemrekodi Nyuzi, alishakalia stuli kando ya kitanda. "Ufunguo wa Mi," akajigamba, "mapigo sabini kwa dakika, huzuni tupu. Mwenzenu nililia pale pale kwenye mitambo."

"Wewe unalia hata jirani akikata kitunguu," Nyuzi akamchapa.

Wakampachika mzee spika za masikioni. Akafumba macho. Mara akakunja uso, akaomba daftari lake, akaandika: *Nani kafa?*

Nyuzi akacheka. Mzee hakucheka. Akagonga chuma cha kitanda kwa kucha, haraka haraka, mabega yakimtikisika. Akaandika: *Huu ni wa kucheza. Nilimtungia mama yako siku aliyonikubali. Ufunguo wa Sol!*

Kumbe! Nyumbani ilibaki kanda moja tu, na mota ya redio kaseti yao ilikuwa imechoka, inaburuza. Wimbo ukaburuzwa nayo, ukashuka, sauti ya mzee ikawa nzito kama inatoka kisimani. Mzee mwenyewe hakutaka kuusikia tangu afiwe na mkewe, kwa hiyo Nyuzi aliusikiliza kwa kujificha tangu utoto. Baba mdogo naye, wimbo ulipotoka, alikuwa bado anatambaa. Basi Nyuzi akalegeza nyuzi zote sita zifanane na kanda, akapunguza kasi zaidi ili machozi yamwagike vizuri, akajiona ana masikio ya dhahabu.

Mzee akaandika tena, kalamu ikatoboa karatasi: *Msinizike na huo.*

"Hatukuziki na huo, baba. Nipe siku nne."

Akakaza nyuzi, akaweka mapigo mia na ishirini. Vidole vikajikwaa. Vilikuwa vimezoea kulia, kucheza vilikuwa havijui. Siku ya tatu vikachubuka. Akafunga plasta, akaendelea. Ubeti wa kwanza ukakaa. Wa pili ukamgomea kabisa.

Asubuhi ya nne shangazi akapiga simu. Hakusalimia.

Sasa sikia balaa. Baba mdogo alishautuma ule wa kwanza kwenye kundi la familia, tena kabla hata mzee hajauonja. Makaburini Nyuzi akaukuta umeshawashwa kwenye spika kubwa, ukoo mzima unalia.

"Zima, baba mdogo. Aliandika, na wewe uliona."

"Niliona, mwanangu. Nizime huku watu wanalia hivi? Huo mwingine umeisha?"

Nyuzi akasogea kando ya kaburi. Akatoa gitaa, akaanza, Sol, mbio mbio, juu ya kelele za spika. Watu wakageuka. Alipofika ubeti wa pili vidole vikagongana, gitaa likatoa mlio kama sufuria iliyoanguka. Shangazi akamshika viganja vyote viwili.

"Usitutie aibu, mama. Hapa si harusini."

"Shangazi, ndivyo ulivyo! Ni wimbo wa furaha!"

"Najua, najua. Lia tu." Akamkandamiza kifuani, gitaa likapokelewa na mtu nyuma.

"Marehemu alikuwa na majonzi mengi moyoni," mama mmoja akanong'ona, akifuta macho. "Sikilizeni wenyewe."

Wenye makoleo wakaanza. Bila kujijua, wakaufuata wimbo: kila mapigo manne, koleo moja la udongo.