Vidole Viwili vya Limbu

Pale Bariadi, msimu wa pamba wa mwaka tisini na sita, hakuna foleni iliyokuwa na vicheko kama ya Limbu. Alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha mnunuzi mmoja binafsi. Soko huria lilikuwa limeshaingia na wanunuzi walikuwa watatu mtaa mmoja, lakini wakulima wengi waliwapita wale wengine wakaja kwa Limbu, kwa sababu kwake kusubiri hakukuchosha. Miaka mitatu nyuma alikuwa amekwenda Moshi, akabeba mizigo ya watalii mlima Kilimanjaro msimu mmoja, akarudi na hadithi. Tangu hapo watu walimwita Theluji.

"Kule juu," aliwaambia huku akisoma mshale wa mizani, "maji ya kunywa unayavunja kwa shoka. Ukitema mate, yanafika chini yakiwa magumu kama punje ya mahindi."

Walicheka, wakaomba nyingine. Iliyopendwa zaidi ilihusu vidole viwili vya mguu wake wa kushoto, ambavyo havikuwepo. Alisema jiwe liliporomoka kumwelekea Mjerumani mmoja mnene, naye akaweka mguu kulizuia. Kila alipoisimulia, jiwe liliongezeka. Mwaka huo lilikuwa limefikia ukubwa wa trekta.

Aliyeujua ukweli ni mkewe Minza peke yake.

Mwezi wa tisa akaja mgeni. Jina lake Constantine, mzaliwa wa Nyalikungu kule Maswa, aliyehamia Moshi kitambo. Alivaa koti zito la mlimani katika jua lile, jasho linamtiririka, na mgongoni alibeba furushi la turubai, mfano wa mzigo wa mpagazi. Kampuni yake ilitaka wapagazi kumi na wawili wa msimu wa Desemba. Akasimama mbele ya foleni.

"Mwadila, bhabehi," aliwaamkia kwa Kisukuma, wakamwitikia. Kisha akaeleza kwamba kazi yenyewe ni kutembea tu, siku sita, pamoja na wageni wenye furaha. "Na msiponiamini," akamalizia, "muulizeni huyu. Si ndiye mnayemwita Theluji?"

Watu wakamgeukia Limbu. Mhoja, mdogo wake Minza, mwanamume wa miaka ishirini na mitano mwenye shingo kama ya fahali, alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Shemeji, waambie," alisema. "Mimi nimeshakata shauri. Nataka kutema mate nione."

Limbu akacheka kidogo, akasema mlima ni mzuri kuutazama, akarudi haraka kwenye mizani yake.

Mchana Minza alimletea ugali na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, nyuma ya lundo la pamba. Aliweka bakuli chini, lakini hakukaa.

"Mhoja amepita nyumbani kuaga. Anasema anakwenda kwa sababu yako."

"Mhoja ni mtu mzima. Ana akili zake."

"Akili hizo umezijaza wewe." Minza hakupandisha sauti. "Nilikukanda mguu ule wiki sita, Limbu, na nilikuwa naogopa kuutazama. Wa Mhoja sitaukanda. Utaukanda wewe."

Akaondoka. Limbu alimega tonge mbili, akalisogeza bakuli pembeni. Alijua vizuri hadithi ile ilivyoanza. Alirudi nyumbani anachechemea, mikono mitupu, na alimjibu kwa mzaha mtu wa kwanza aliyemuuliza. Wa pili akaja tayari ameusikia ule mzaha, anacheka, na ikawa vigumu kumharibia.

Alinawa, akarudi mbele. Constantine alikuwa anaandika majina kwenye daftari, ameshafika la tisa.

"Ndugu yangu," Limbu akamwambia mbele ya watu, "Moshi pamejaa wanaume wenye nguvu. Kimekuleta nini mpaka huku?"

"Nimewakumbuka watu wa nyumbani."

"Au wa Moshi wamekataa?"

Constantine akajifuta jasho. "Baadhi wamekataa," alisema. "Wanadai mizigo ni mizito."

"Hebu nipe hilo furushi lako."

Akalitundika kwenye ndoano ya mizani ya pamba. Mshale uliruka, ukatetemeka, ukatulia kwenye kilo thelathini na nane. Wakulima wakasogea kuhakiki, na wale ni watu waliobishana na mishale ya mizani maisha yao yote. Safari hii hakuna aliyebisha.

Limbu akavua kiatu cha kushoto, akausimamisha mguu juu ya gunia.

"Hapakuwa na jiwe," alisema. "Wala Mjerumani. Nilipanda na katambuga za tairi na mashati mawili, nimebeba meza ya wageni na dumu la mafuta ya taa. Hema lilikuwa la wageni. Sisi tisa tulilala pangoni, tunakunywa uji mara moja kwa siku. Siku ya nne sikuvisikia vidole kwa baridi. Niliambiwa niteremke peke yangu, nikateremka. Hospitali wakavikata."

Kisha mzee mmoja nyuma akauliza taratibu, "Kwa hiyo na lile trekta?"

"Hakuna trekta, baba."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Limbu naye akacheka, na akajishangaa alivyojisikia mwepesi. Mhoja peke yake hakucheka. Aliuangalia ule mguu, akaliangalia furushi.

"Mimi bado nataka kwenda," alisema. "Ila hicho sikibebi."

Wenzake wakaitikia. Basi Limbu akachukua karatasi, akaandika walivyomwambia. Mzigo usizidi kilo ishirini, na upimwe kila asubuhi mbele ya mbebaji. Kila mtu apate viatu na koti. Wawe na hema lao, na chakula mara mbili kwa siku. Anayeugua asiteremke peke yake. Mama mmoja mkulima, Felisita, aliyekuwa amekalia gunia lake, akasema, "Andika na blanketi," naye akaandika.

"Bosi atanifukuza," alisema Constantine.

"Mpigie simu kwanza."

Wakaongozana hadi posta. Njiani Constantine akalivua lile koti, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi nilianza na katambuga." Siku ya kwanza bosi alikataa, na makelele yake yalisikika hadi nje ya kibanda cha simu. Siku ya pili alikataa tena. Siku ya tatu Constantine alitoka posta karibu anakimbia: bosi amekubali. Wageni walikuwa wameshathibitisha safari, na hakuna mtu mwingine wa kuwabebea.

Mwishoni mwa Novemba wote kumi na wawili wakapanda basi. Mhoja alikuwa na mizani ndogo ya ndoano ndani ya begi. Minza aliwakagua mmoja mmoja kana kwamba anapeleka watoto shule.

Walirudi mwezi wa tatu. Jioni Mhoja alikaa uani kwa dada yake, na simulizi yake haikuhitaji chumvi. Siku moja mkuu wa msafara aliwaongezea viti vya kukunja juu ya mizigo iliyokwisha kupimwa. Wote kumi na wawili walitua, wakaikalia mizigo yao, wakaanza kupiga soga. Bibi mmoja wa Kiholanzi akaja kuuliza kulikoni. Alipoelezwa, aliomba ile mizani, akapima mkoba wake mwenyewe, akakuta amebebesha watu kilo sita za mawe ya ukumbusho. Akayamwaga pale pale, viti vikarudishwa chini kwenye geti la hifadhi, wakaendelea kupanda.

"Na chakula?" Minza aliuliza, akimmiminia maziwa mgando.

"Mara mbili, kama tulivyoandika. Lakini ni makaroni, dada. Makaroni asubuhi, makaroni jioni." Mhoja alikunywa, akatua kata. "Shemeji, ukiandika karatasi ya mwakani, weka ugali."

Limbu akaingia ndani kutafuta kalamu.